Ufunguo wa Choo cha Wanawake

Malindi, Alhamisi, mwezi wa saba, 1986

Mvua ya mchoo imenyesha tangu alfajiri, ile ya kunyesha ikaacha, ikarudi, ikaacha tena. Sasa kumetulia. Nimeshaswali magharibi, nimejilaza na chupa ya maji ya moto tumboni, na hasira zangu ziko palepale zilipokuwa adhuhuri.

Naandika ili nisije nikamtukana mtu asiyehusika.

Leo nilikwenda kupimwa kizazi. Hospitali siitaji jina, maana bado nina shida nao na mwezi ujao lazima nirudi. Lakini niseme kwanza habari za kibofu changu, la sivyo haya mengine hayataeleweka, hata nami nikiyasoma uzeeni.

Kibofu changu ni kigonjwa. Ni miaka sasa. Kikiingia mkojo wa kujaza kikombe cha kahawa tu, kinawaka kama kimepakwa pilipili. Nikienda haja kinatulia kidogo, kisha kinaanza upya. Mkojo wangu umepimwa huku na huku, mpaka Mombasa, na majibu ni yaleyale: mkojo safi. Wakishasema mkojo ni safi huniangalia mimi, kana kwamba mchafu basi ni mwenye mkojo. Wamenipa dawa za kichocho, nami sijaoga mtoni tangu nizaliwe. Wamenidunga sindano za kisonono, mume wangu naye akadungwa zake, na nyumba ikawaka moto, kila mmoja akimtazama mwenziwe kwa jicho la pembe. Mwisho mmoja wao akaniambia ni mawazo tu.

Mawazo. Natamani nimwazime siku moja, alale nayo.

Watu huchagua kazi kwa mshahara. Mimi nimechagua kwa choo. Nilikuwa nauza katika duka la nguo mjini, nikaacha, kwa sababu choo cha karibu kilikuwa cha msikitini, tena cha wanaume. Sasa nashona hapahapa Muyeye, na cherehani yangu nimeiweka ukutani karibu na mlango wa uani. Harusi siendi mpaka nijue msala wa nyumba ile uko upande gani. Maulidini nakaa mlangoni na viatu vya watu. Tarawehe naiswali kwangu, maana udhu wangu haufiki rakaa ya nne. Wajuaji husema najitenga, nina maringo. Waseme.

Hayo nilikwisha kuyazoea. Lililonipeleka hospitali ni jingine. Tangu mfungo uishe natokwa na damu siku zisizo zangu. Mkunga wa zahanati alinisikiliza, akaacha kuandika, akaniambia hili ni la daktari wa wanawake, anitazame ndani kwenye mlango wa kizazi. Daktari huyo hutoka Mombasa na huja mara moja tu kwa mwezi.

Niliposikia hivyo sikufikiria jingine ila mama. Mama naye alianza hivihivi, damu siku zisizo zake. Alinyamaza. Mimi nilikuwa mwari, nakaribia kuolewa, na mambo hayo mama hamwambii bintiye. Hospitali alikwenda mara moja tu, akarudi akasema daktari hakuja. Hakwenda tena. Tulipokuja kujua sote, ugonjwa ulikuwa umeshamla, na kilichobaki ilikuwa ni kumgeuza kitandani na kumsomea.

Kwa hiyo nataka kujua. Ninacho alichokuwa nacho mama, au sina? Hilo tu ndilo ninalolitaka kwa hawa watu.

Mwezi uliopita nilikwenda peke yangu. Nilikaa benchini mpaka kibofu kikajaa, nikaitwa kimejaa, nikalala kitandani kimejaa. Daktari aliingiza mkono mmoja ndani, na wa pili akaukandamiza juu ya tumbo, palepale penyewe, kama anakanda unga. Niliruka. Wallahi sikukusudia, mwili uliruka wenyewe. Sista aliyekuwa amesimama pembeni akasema, "Kwa mumeo mbona huruki?" Daktari akatabasamu, akaenda kunawa mikono, akasema aje mwingine. Nilirudi nyumbani sijui lolote.

Neno lile la sista nimekula nalo, nimelala nalo, nimeshona nalo nguo za watu mwezi mzima.

Basi safari hii nikamwomba mama mdogo anisindikize. Bi Rukia, mdogo wake mama tumbo moja, anakaa Shela, hii ya hapahapa Malindi. Ni mtu wa heshima mpaka heshima yenyewe humchoka. Neno "choo" halitoki kinywani mwake, na akicheka hufunika mdomo kwa ukaya. Bado avaa buibui la kamba, lile pana la zamani, na sisi wenye mabuibui ya kisasa hutuona tuko uchi. Nilimweleza habari ya damu. Habari ya kibofu sikumweleza sana, nilisema tu mkojo wanisumbua.

Hilo ndilo lililoniponza asubuhi.

Alfajiri nasikia hodi, namfungulia, yuko na madafu mawili. Jana alimwita mgema makusudi akampandisha mnazi kwa jina langu. Dafu husafisha njia ya mkojo, mwanangu, kunywa, daktari akute kweupe. Sasa mimi tangu jana usiku sikutia maji mdomoni, kusudi niweze kukaa kwenye lile benchi. Lakini hapa kwetu utakataa chai, utakataa hata wali ukisema umeshiba, ila dafu lililokatwa kwa ajili yako hulikatai. Ukilikataa umemkataa aliyelileta. Alinisimamia mpaka nikayamaliza yote mawili, akanikwangulia na nyama yake nikala. Alifurahi sana. Nami nilimpenda na kumkasirikia kwa pamoja.

Tulifika mapema. Benchi la wanawake liko barazani, nje ya mlango wa daktari, na tayari lilikuwa na watu. Karibu yangu alikaa mama mmoja Mgiriama, mwenyeji wa kijiji cha Adu, amemleta mkaza mwanawe mja mzito. Alinisalimu vizuri, akasogea nikapata pa kukaa. Mwisho wa baraza kuna choo cha wanawake. Mlango wake una kufuli.

Kufuli kubwa, la kufungia duka.

Madafu hayakuchelewa. Nilikwenda kwa sista. Ni yuleyule, na nilimjua kabla hajageuka. Nikamwamkia, nikamwomba ufunguo wa choo. Akasema choo kimefungwa kwa sababu wagonjwa wanakichafua. Ufunguo anao mwenzake, na mwenzake amekwenda kunywa chai. Nikarudi benchini. Nikakalia kisigino, ndivyo ninavyofanya, huzuia kidogo.

Nikaenda tena. Akasema daktari ameshaingia, nikae. Nikiitwa nisiwepo, zamu yangu imekwenda. Nikamuuliza, basi niende wapi? Akanionyesha kwa kidevu choo cha wanaume, kule langoni, ng'ambo ya uwanja wenye matope, na mlinzi amekaa mlangoni pake.

Mara ya tatu sikufika hata karibu yake. Aliniona nainuka, akasema kwa sauti ya baraza zima, "Wewe si yule wa kuruka? Leo umeanza mapema." Hakuna aliyecheka. Wanawake waliangalia miguu yao. Mama mdogo akavuta ukaya wake akakaza midomo, nikadhani nimemtia aibu.

Na ufunguo, jamani, ulikuwa mfukoni mwake. Alipoinama kuokota kalamu niliuona, umefungwa kwenye kipande cha bendeji. Hakukuwa na mwenzake wala chai.

Sijui nielezeje maumivu kwa mtu asiyeyajua. Yanaanza chini, yanapanda mgongoni, yanashuka mapajani, na kichwani hakubaki neno hata moja isipokuwa hilo. Nilikuwa natokwa jasho, na kulikuwa na baridi ya mvua. Mama wa Adu alinitazama akasema "Pore," pole ya kwao, akanipa pembe ya leso yake nijifute.

Kisha nikaitwa jina. Nikasimama polepole. Sista amekaa mlangoni na faili langu, akaniuliza, "Umekwenda haja? Daktari hampimi mtu mwenye mkojo."

Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Nikamwambia nimeomba ufunguo tangu nifike. Akasema hayo hayajui, ila kanuni ni hiyo, kibofu lazima kiwe kitupu, na kama sijawa tayari nirudi mwezi ujao. Akaanza kuliweka faili langu chini ya mengine. Mwezi ujao. Na damu ile nitokwe nayo mwezi mwingine mzima, nikimkumbuka mama kila nikiiona. Nilifungua mdomo nimtukane, na namshukuru Mungu sauti haikutoka.

Hapo ndipo mama mdogo aliponyanyuka.

Ukutani palikuwa na ndoo ya bati ya msafishaji, ina maji machafu. Akaibeba, akayamwaga maji uwanjani, akaja akaitua pembeni mwa baraza, mbele ya watu. Kisha akalifungua buibui lake, akalitanua kwa mikono miwili, upana wote.

"Chutama," akaniambia.

Nilimkodolea macho. Huyu ni mtu asiyeweza kutamka choo.

"Chutama, mwanangu. Nimekusitiri."

Mama wa Adu naye akasimama. Akaivua leso ya mabegani, akaja akaishika upande wa pili. Mkaza mwanawe, na tumbo lake lile, akashika pembe. Akaja mwingine, na mwingine, mpaka benchi likabaki tupu. Huku kwetu uchungu ukimkamata mwanamke njiani, wanawake humzungushia leso, hata kama hawajuani, na hakuna anayefundishwa, unakua ukiyaona. Mwanamume akipita huinamisha kichwa akapita mbali. Lakini mimi kwa umri wangu sijapata kuona leso zikizungushwa kwa ajili ya mkojo.

Nilichutama katikati yao. Ndoo ya bati ina sauti. Baraza zima lilisikia, na mlinzi wa langoni bila shaka. Nililia, na si kwa haya. Ulikuwa ni ule unafuu, na baada ya unafuu zikaja ghadhabu. Kitu kidogo namna hii. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu, na mimi nachutama kwenye ndoo ya kupigia deki.

Sista alikuwa anapiga kelele, hili si zizi, hii ni hospitali. Mama mdogo hata hakumgeukia. Alisema tu, kwa sauti ileile ya kukaribishia wageni, "Ufunguo unao wewe. Sisi tuna ndoo."

Kwa zile kelele daktari akafungua mlango. Akaona ukuta wa leso na buibui. Na kwa kweli hili nilipende nisilipende nitaliandika: aliinamisha kichwa, akaurudisha mlango taratibu. Kumbe naye amelelewa na watu. Sasa mwezi uliopita adabu hiyo aliiweka wapi?

Mama mdogo alinimiminia maji kutoka kwenye chupa yake ya udhu, nikajisafisha, nikaingia. Aliingia nyuma yangu. Sista alisema jamaa hawaruhusiwi, na masikio ya mama mdogo ghafla yakawa hayasikii.

Sikulala kitandani. Nilisimama kwanza. Nilimwambia daktari nina kibofu kigonjwa, kina miaka, ukikikandamiza mimi siwezi, na nikisema simama nataka usimame. Aliniangalia usoni, na mwezi uliopita sidhani kama aliuona uso wangu. Akasema haya.

Iliuma, sitadanganya. Kile chuma chao cha baridi cha kupanulia kilipoingia nilisema simama, na akasimama. Akakitoa, akafungua saraka ya meza, akatoa kingine chembamba zaidi.

Kumbe chembamba kipo. Kiko kwenye saraka, siku zote kiko pale.

Kwa hicho nilistahimili. Mama mdogo alinishika kichwa akinisomea, na daktari akaweka mkono ubavuni kwanza, akashuka polepole, akiuliza hapa je, na hapa je. Hata maji ya chai yasingechemka kabla hajamaliza. Akaniambia kuna kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, huenda ndicho kinachotoa damu. Amekikata, kinapelekwa Mombasa kuangaliwa, jibu atakuja nalo mwezi ujao. Kwa macho yake haoni baya, akasema, lakini macho si kipimo.

Nikamuuliza na kibofu? Akasema amekwisha kuona wanawake kama mimi, si mawazo, na dawa yake yeye haijui. Madaktari wote niliowaona, huyu ndiye wa kwanza kusema hajui. Nilimshukuru kwa hilo. Nilipofika nje nikakasirika upya, kwamba miaka yote hii neno dogo kama hilo lilimshinda kila mtu.

Njiani mama mdogo alitangulia mbele, ukaya usoni. Nilifikiri aibu sasa ndiyo inamwingia, na kwamba kufikia kesho Shela nzima itakuwa na habari za ndoo. Tulifika hapa, akajifunga kibwebwe, akasema atanipikia. Akakaa juu ya mbuzi akaanza kukuna nazi. Mimi nimejilaza mkekani namtazama mgongo.

"Mamako naye," akasema, "siku ile daktari alikuwepo."

Sikuelewa. Nikamuuliza siku gani.

Akaendelea kukuna. Aliniambia kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza mama hospitali. Benchi lilelile, baraza ileile. Mama alikuwa mtu wa kwenda haja mara kwa mara kama mimi, ila alificha maisha yake yote, hata baba hakujua. Choo siku ile kilikuwa kimefungwa. Aliomba ufunguo mara moja, akajibiwa vibaya, hakuomba tena. Alipoitwa jina alikuwa ameshalowa. Alisimama ameegemeza mgongo ukutani ili watu wasione, akamnong'oneza mdogo wake, waambie sipo. Jina likaitwa tena. Mama mdogo akasema hayupo. Wakarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, na mama akamwapisha asimwambie mtu.

Nilikaa kitako.

"Na mimi siku ile," akasema, "nilikuwa nimevaa buibui hilihili." Akaigonga nazi ukingoni mwa mbuzi kutoa chicha, akaendelea.

Nilitaka kumkasirikia. Ningekuwa na haki, nadhani. Lakini nilimtazama mama mdogo na mgongo wake umeinama juu ya nazi, nikaona ameshajikasirikia kunishinda, miaka yote hii, na madafu yake yote.

Mimi nimekua nikiambiwa mama alikufa kwa kuona haya. Mazishini walisema hivyo, kwa kumsifu: mwanamke wa staha, hata daktari hakumwona. Nami nikayasadiki. Nikawa natembea na staha hiyo kama urithi, nakalia visigino kwenye mabenchi ya watu, naomba ufunguo kwa sauti ya chini.

Mama yangu alikufa kwa kufuli.

Nimeliandika, na sitalifuta.

Jibu langu liko njiani kwenda Mombasa, na mpaka lirudi sijui mimi ni wa kuishi au ni wa kufuata njia ya mama. Naogopa. Lakini mwezi ujao nitakwenda. Nitachukua ndoo yangu mwenyewe, ile nyekundu ya kufulia, na sitaificha ndani ya kikapu. Nitaiweka benchini, karibu yangu, sista aione tangu naingia. Ufunguo nitauomba mara moja tu, kwa sauti ya baraza zima.

Mama mdogo anakunja mkeka wake wa kuswalia, anataka kwenda. Nimemwambia tutakwenda wote, ila madafu ayaache juu ya mnazi.

Hakucheka. Amesema analo buibui jingine sandukuni, pana kuliko hili, na ataanza kulifua kesho.